Imani Yenye Daftari: Mwongozo wa Kutetea Haki kwa Jumuiya za Kikristo za Shinyanga na Geita

Makanisa ya Kahama, Katoro, Nyarugusu na Geita mjini hayana uhaba wa watu wa kutoa. Duara, yaani shimo la dhahabu, likitema, mwenye duara analeta mabati, na harambee ya mnara wa kengele inatimia kabla ibada ya pili haijaisha. Uhaba uko kwa watu wa kuuliza. Mjane akinyang'anywa shamba na shemeji zake, jumuiya inampelekea unga, mafuta na sabuni, inasali naye, inaaga. Shamba linabaki kwa shemeji, na mwezi unaofuata unatakiwa unga mwingine.

Mwongozo huu ni wa jumuiya ndogo ndogo, vikundi vya kina mama na vijana, kamati za Haki na Amani, wazee wa kanisa, na muumini yeyote aliyechoka kupeleka unga huku shamba likiliwa. Uwe Mkatoliki, Mlutheri, wa AICT au Mpentekoste, mahitaji ni yaleyale: watu watatu wanaoaminiana, daftari kubwa, na subira.

KWANZA, KWA NINI

Wapo watakaokuambia kanisa lisiingilie mambo ya dunia. Wajibu kwa upole kwamba Biblia waliyoishika imeshayaingilia zamani. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inataka kibarua alipwe kabla jua halijatua. Kama umewahi kumwona mama aliyeponda mawe wiki nzima mwaloni, kunakosafishwa dhahabu, akizungushwa malipo yake hadi Jumatatu nyingine, unajua sheria ile inamsema nani. Wafalme wa Kwanza sura ya 21 ni kesi ya ardhi kabisa: kuna barua zilizoandikwa kwa jina na muhuri wa mtu mwingine, kuna mashahidi wa kupangwa, kuna mwenye shamba aliyeuawa. Eliya alitumwa amkute mfalme palepale shambani kwa Nabothi. Hakutumwa kupeleka rambirambi.

Mwalimu Nyerere aliyasema hayo kwa ukali wake mwenyewe Oktoba 1970, mbele ya masista wa Maryknoll huko New York, ambao mapadre wenzao wa Maryknoll walikuwa wakihudumu Shinyanga tangu miaka ya 1950. Alionya kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowafunga watu katika umaskini, litahesabiwa upande wa dhuluma.

Na si maneno ya mimbarini tu. Mwaka 2008 TEC ya maaskofu Wakatoliki, CCT ya makanisa ya Kiprotestanti na BAKWATA ya Waislamu walitoa ripoti waliyoiagiza kwa Mark Curtis na Tundu Lissu, ikionyesha nchi ilivyokuwa ikinufaika kidogo na dhahabu yake. Mrahaba wa dhahabu wakati huo ulikuwa asilimia 3. Mwaka huohuo Kamati ya Jaji Mark Bomani ilitoa mapendekezo yake. Sheria ya Madini ya 2010 ikapandisha mrahaba huo hadi asilimia 4, na marekebisho ya 2017 yakaufikisha asilimia 6 na kuipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 migodini. Si kazi ya viongozi wa dini peke yao, hata kidogo. Lakini walikuwepo, walikuwepo pamoja, Wakristo na Waislamu, na walikwenda na hesabu badala ya kwenda na malalamiko. Jumuiya ya watu kumi na wawili pale Lwamgasa inaweza kufanya hivyohivyo kwa kipimo chake.

Ukitaka utaratibu wa kibiblia, soma Nehemia sura ya 5. Watu wanalia: mashamba yamewekwa rehani, watoto wamegeuzwa watumwa kwa ajili ya deni. Nehemia anakasirika, kisha anatafakari kwanza moyoni mwake. Halafu anawakabili wakubwa uso kwa uso, anaitisha mkutano mkubwa, anawaapisha mbele ya makuhani. Na yeye mwenyewe anakataa posho ya uliwali. Hatua zifuatazo zinakwenda karibu na njia hiyo.

HATUA SABA

1. Sikilizeni kabla ya kusema. Jipeni mwezi mzima. Kwenye vikao vya jumuiya wanaume ndio huongea, kwa hiyo wafuateni kina mama walipo: mwaloni, bombani, kliniki ya watoto. Ulizeni swali moja tu: ni jambo gani linakunyima usingizi? Andikeni. Msiahidi kitu.

2. Chagueni jambo moja. Lipimeni hivi: Je, mwenye shida mwenyewe anataka lifuatiliwe? Je, ipo ofisi yenye wajibu wa kisheria? Je, ndani ya mwaka mmoja tutaweza kuonyesha kilichobadilika? Jibu likiwa "hapana" hata kwa moja, liwekeni pembeni. Kamati inayohangaika na mambo saba kwa mpigo hailimalizi hata moja, na baada ya miezi mitatu inarudi kwenye maandalizi ya mavuno.

3. Fungueni daftari. Hapa ndipo kazi nyingi za haki hufa, kwa hiyo ngoja nikae kidogo.

Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa kwenye machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu na mashimo yakafukiwa. Madai kwamba kuna watu waliofukiwa wakiwa hai, 52 kwa idadi iliyotajwa na wanaharakati, yamekanushwa na serikali na kampuni, na hadi leo pande hazijakubaliana. Wanasheria wa LEAT, chama cha wanasheria wa mazingira, waliolifuatilia suala hilo walifunguliwa mashtaka ya uchochezi. Ukichukua somo moja tu pale, liwe hili: jina, tarehe na shahidi huandikwa siku ileile. Miaka ikipita, kila upande una hesabu yake.

| SANDUKU: NINI KIINGIE KWENYE DAFTARI
| • Tarehe, saa na mahali.
| • Nani aliona kwa macho, na nani alisimuliwa. Vitengeni hivi viwili.
| • Maneno yaliyosemwa, kama yalivyosemwa.
| • Nakala za karatasi: fomu, risiti, barua, picha za simu zenye tarehe.
| • Ofisi mliyokwenda, cheo cha mliyemkuta, alichojibu, siku mliyoambiwa mrudi.
| • Sahihi au dole gumba la mwenye shida kukubali suala lake lifuatiliwe.
| Daftari lisikae kanisani wala kwa mwenye jambo. Awe nalo mmoja wa wale watatu, na nakala ikae kwa mwingine.

4. Tafuteni mlango sahihi. Watu wengi huanza kwa Mkuu wa Mkoa kwa sababu ndiye wanayemsikia redioni, wakarudishwa kata, wakakata tamaa. Anzeni chini, na mpande ngazi mkiwa na karatasi.

• Ajali, mashimo yasiyofukiwa, mgogoro wa leseni: Afisa Madini Mkazi wa Tume ya Madini.
• Maji machafu, kemikali: afisa mazingira wa halmashauri, kisha NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira.
• Ardhi: usuluhishi kijijini na katani, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.
• Mtoto: afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au simu 116 bila malipo.
• Rushwa: TAKUKURU, simu 113.
• Kazi na mishahara: CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.
• Ushauri wa sheria bila malipo: wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017. Mwulizeni afisa maendeleo ya jamii walipo.

5. Ombeni taarifa kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 kujibu. Jambo zuri la kuanzia ni fedha za CSR, yaani wajibu wa kampuni kwa jamii. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini kinautaka mgodi uandae kila mwaka mpango wa kusaidia jamii na kukubaliana na halmashauri, kwa kufuata vipaumbele vya wananchi. Vipaumbele vya wananchi maana yake na vyako. Mgodi hulipa pia ushuru wa huduma, unaopigiwa hesabu ya mauzo na kuingia halmashauri. Barua yenyewe haina ufundi mkubwa:

| Kikundi cha Haki na Amani,
| Kijiji cha …, Kata ya …
| Tarehe …
|
| Mkurugenzi Mtendaji,
| Halmashauri ya Wilaya ya …
| K.K. Mtendaji wa Kata ya …
|
| YAH: OMBI LA TAARIFA ZA CSR NA USHURU WA HUDUMA
|
| Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni wananchi wa kijiji kilichotajwa. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 tunaomba: (a) nakala ya mpango wa CSR uliokubaliwa kati ya halmashauri na mgodi kwa mwaka huu wa fedha, (b) orodha ya miradi iliyopangwa katika kata yetu, gharama zake na hatua iliyofikiwa, (c) kiasi cha ushuru wa huduma kilichopokelewa kutoka mgodini mwaka wa fedha uliopita.
| Majina na sahihi zetu tumeambatanisha.
|
| Wako katika ujenzi wa Taifa,

Pelekeni nakala mbili. Moja mnaiacha, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na mrudi nayo. Siku 30 zinahesabiwa kwa muhuri ule. Barua isiyo na muhuri ofisini huitwa "hatujaiona". Kwa barua ya namna hiyohiyo mnaweza kuulizia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

6. Nendeni kwenye mkutano wa kijiji. Mkutano huu ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, na unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, mapato na matumizi yakisomwa. Waumini wengi wanaokesha kwenye mkesha wa maombi hawajawahi kukanyaga mkutano huu, halafu wanashangaa kwa nini eneo la malisho limegawiwa.

Jipangeni hivi. Msikae kundi moja, tawanyikeni. Wa kwanza kusema awe mzee anayeheshimika, aulize swali kwa adabu. Wa pili awe mama, mwenye takwimu moja iliyoandikwa kwenye karatasi. Wa tatu awe kijana, aulize tarehe: jibu litapatikana lini? Msimtuhumu mtu. Mwisho mmoja aseme: "Mwenyekiti, naomba swali letu liandikwe kwenye muhtasari." Sentensi hiyo ina nguvu kuliko kelele zote, kwa sababu mtendaji akishaandika, mkutano ujao hauwezi kuanza bila kuligusa.

7. Rudini. Kila ofisi mliyokwenda, rudini siku mliyoambiwa, hata kama mnajua jibu halijawa tayari.

MAMBO YATAKAYOWAFIKIA

Fidia ya ardhi

Mgodi ukipanuka au leseni mpya ikitoka, mthamini atafika akiongozana na mwenyekiti. Mara nyingi utapigwa picha mbele ya nyumba yako ukiwa umeshika kibao chenye namba. Atapima vyumba, atahesabu miembe na mihogo, ataandika fomu. Mambo haya huisha kwa dakika chache, na watu hukosa milioni kwa sababu siku ile walikuwa mnadani. Kabla hajafika:

1. Jumuiya ipite nyumba kwa nyumba. Kila kaya ihesabu yenyewe miti, mazao, visima, mazizi na makaburi, iandike na kupiga picha.
2. Mume na mke wawepo wote wawili siku ya uthamini. Kama mmoja yuko safarini, barua imwite.
3. Msisaini fomu tupu, wala fomu iliyoandikwa kwa penseli. Someni, au msomewe na mtu wenu.
4. Ombeni nakala papo hapo. Ikishindikana, pigeni picha fomu kwa simu.
5. Kagueni kama vimo vyote: thamani ya ardhi, majengo, mazao, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayopigiwa hesabu ya kodi ya miezi 36, na hasara ya biashara kwa mwenye duka au mashine.
6. Malipo yakicheleweshwa kupita miezi sita, ulizeni kwa barua kuhusu riba.

Kwa wachimbaji na watafiti wa madini wanaoingia mashambani kuna jambo ambalo wengi hawalijui: ndani ya mita 200 kutoka nyumba ya mtu, Sheria ya Madini inadai ridhaa ya maandishi ya mkazi halali wa eneo hilo. Mtu akija na leseni peke yake, mwombe na hiyo ridhaa.

Kuna sehemu ya fidia ambayo ofisi haitaishughulikia, nayo ni ya kanisa hasa. Fedha ikishaingia kwa jina la baba, kuna nyumba ambazo baba huonekana Kahama mjini na pikipiki mpya, na mama na watoto wanahamia kwa bibi. Kaeni na wanandoa kabla ya malipo. Wasaidieni kufungua akaunti ya pamoja, na kununua kiwanja kabla ya kitu kingine chochote. Padre au mchungaji anayesubiri fungu la kumi la fidia bila kuuliza watoto watalala wapi, namwomba asome tena Nehemia.

Vikongwe na ramli chonganishi

Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu. Macho hayo yana chanzo kinachojulikana: miaka arobaini ya kupikia kuni, mabua na kinyesi cha ng'ombe kwenye nyumba isiyo na dirisha. Na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba. Mume amefariki, bibi amebaki na ekari, vijana wa ukoo wanataka kuuza. Mganga akipiga ramli anaupa uroho sura ya dini, na wakata mapanga wanamalizia.

| DALILI ZA HATARI
| • Mtoto au ng'ombe amekufa ghafla na familia imekwenda kwa mganga.
| • Jina la bibi limeanza kutajwa kilabuni au kwenye msiba.
| • Karatasi ya vitisho imetupwa mlangoni.
| • Kuna ugomvi wa urithi, na bibi analala peke yake.

Mkiona mbili kati ya hizo, msisubiri kikao cha jumuiya. Siku hiyohiyo bibi asilale peke yake. Mpangieni zamu za kulala kwake, au ahame kwa muda. Toeni taarifa polisi na kwa mtendaji, mkipokea namba ya taarifa. Chini ya Sheria ya Uchawi, kumtuhumu mtu kuwa ni mchawi ni kosa la jinai; mwambieni mwenyekiti wa sungusungu jambo hilo mkiwa na mzee wa ukoo pembeni. Baadaye, kwa utulivu, msaidieni bibi kuweka mipaka ya shamba na kuandika wosia mbele ya mashahidi. Jiko banifu na dirisha la jikoni pia ni kazi ya haki, na ni kazi ya Jumamosi moja tu kwa vijana wa kwaya.

Watu wenye ualbino waliwindwa kwa ramli hizohizo, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, na uchimbaji wa dhahabu ulitajwa wazi miongoni mwa sababu: mtu ameambiwa duara lake halitatema mpaka alete kiungo. Hapa mahubiri ya jumla hayasaidii. Sema mimbarini, kwa maneno yanayoeleweka, kwamba mchimbaji anayetafuta dawa ya duara kwa mganga hatapewa kiti cha mbele, hata akileta mabati ya kanisa zima. Familia yenye mtoto mwenye ualbino ijulikane kwa majirani wote wa jumuiya, na mtoto asiende shule au kisimani peke yake.

Watoto na zebaki

Ripoti ya Human Rights Watch ya 2013 ilieleza watoto wakifanya kazi kwenye machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18, na uchimbaji umo.

Zebaki haihitaji mtoto aende machimboni, inamfuata nyumbani. Baba anarudi na donge lake la dhahabu iliyoshikamana na zebaki, analiweka kwenye kijiko cha bati juu ya jiko lilelile litakalopikiwa ugali, na mvuke usioonekana unajaa chumba. Miaka ikipita, mikono inatetemeka, kumbukumbu inapotea. Mjamzito na mtoto mchanga ndio huumia zaidi. Kwa hiyo: donge lisichomwe ndani ya nyumba kamwe, lichomwe mbali na watu kwa chombo kinachonasa mvuke, zebaki isishikwe kwa mkono mtupu, na karai lake lisirudi jikoni. Kikundi cha wachimbaji waumini kinaweza kuchanga na kununua chombo kimoja cha pamoja. Kwa mtoto aliyeacha shule, anzeni na mwalimu mkuu na mzazi, wala msikimbilie polisi. Mara nyingi kinachokosekana ni sare, daftari na mlo, na hapo ndipo ule unga wenu una kazi.

Binti akibakwa, jambo ni jingine kabisa: hospitali kwanza, bila kumwogesha wala kufua nguo zake, kwa sababu dawa za kinga ya VVU hutolewa ndani ya saa 72 tu. Polisi wahusike siku hiyohiyo. Jumuiya isikubali kukaa kikao cha kusuluhisha kwa ng'ombe.

Kuachishwa kazi

Kwa kifupi: aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kufungua malalamiko CMA. Watu huzimaliza siku hizo wakimsubiri meneja "arudi kutoka Dar". Pelekeni fomu kwanza, mazungumzo yaendelee baadaye.

KAMA KAZI YAKO NI…

Katika Luka sura ya 3 watu walimwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, naye akamjibu kila mmoja kwa kazi yake. Kwa huku kwetu ingekuwa hivi.

Una karasha au mwalo? Lipa wapondaji siku ileile, kwa kipimo kinachoonekana, na mashimo ya maji yenye sumu yawekewe uzio. Una duara? Badilisha matimba kabla hayajaoza, na uwe na orodha ya kila anayeshuka. Mwaka 2015 kule Nyangarata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakati walio juu walishawahesabu wafu. Ni dalali? Mizani yako ikaguliwe, na mpeleke mchimbaji soko la madini aone bei ya siku. Mwenyekiti au mtendaji? Bandika mapato na matumizi ukutani bila kuombwa. Mlinzi wa mgodi? Anayekimbia na kiroba cha mawe hajahukumiwa kifo.

MAKOSA YANAYORUDIWA

Kumsemea mwenye shida bila yeye kuwepo. Mjane aje ofisini mwenyewe, ninyi mkae pembeni yake.

Kutumia jina la kanisa bila kiongozi wenu kujua. Mweleze padre, mchungaji au askofu mapema, kwa maandishi. Akikataa, mnaendelea kama wananchi, na daftari halina nembo ya parokia.

Kuwaacha Waislamu nje. Zebaki haiulizi dini, na mkutano wa kijiji ni wa wote. Imamu awemo tangu hatua ya kwanza, si kuitwa kufunga kwa dua.

Kukubali usafiri wa mgodi kwenda kikao cha kuujadili mgodi. Pandeni bodaboda.

Kumkaribisha mwanasiasa mapema. Karibu na uchaguzi atakuja mwenyewe, na kofia. Mpokeeni kama mwananchi, asipewe daftari.

TAHADHARI

Msirushe tuhuma kwenye makundi ya WhatsApp. Mnaweza kushtakiwa, na mtapoteza hoja nzuri kwa maneno mabaya. Msiingie eneo la mgodi kutafuta ushahidi. Msiende ofisini au kwa mtuhumiwa mmoja mmoja: wawili ndio wachache kabisa, watatu ni bora. Mwenye vitisho juu yake asitajwe jina kwenye maombi ya hadhara. Mungu anamjua bila kipaza sauti. Na mkipewa bahasha ya "nauli" na mtu mnayemfuatilia, irudisheni mbele ya shahidi, kisha muiandike.

| KABLA HAMJAONDOKA NYUMBANI
| □ Mwenye shida amekubali na yupo
| □ Daftari lina tarehe na mashahidi
| □ Barua nakala mbili
| □ Watu wasiopungua wawili, mmoja wao mwanamke
| □ Kiongozi wa kanisa anajua
| □ Swali limeandikwa kwa sentensi moja
| □ Siku ya kurudi imepangwa

Kazi hii ni ya polepole, na mara nyingine mtashindwa. Kesi ya shamba inaweza kula miaka mitatu. Mtendaji anahamishwa, mnaanza upya na mwingine. Kwa hiyo chagueni watu wa zamu, na msimwachie mwanachama mmoja abebe yote hadi aache hata kusali.

Mkutano wa kijiji au wa mtaa wako wa robo hii una tarehe. Kama huijui, pita kwa mtendaji kesho asubuhi uiulize, na uandike jibu lake kwenye ukurasa wa kwanza.